Fremu Tupu

Mimi fundi wa fremu, Kibuye, nyuma ya wauza magodoro.
Nimefremu maharusi, mahafali, marehemu,
Yesu mwenye nywele za hariri, kila Pasaka wawili watatu,
na cheti cha mtu ambaye hakusoma;
sikuuliza, nilipima, nikakata.

Siku hiyo Dorsila Kageha akaniletea bomba la karatasi ngumu
lililopigwa mihuri ya nchi tatu.
Dorsila anauza gesi. Mitungi kumi na minane, mizani moja,
duka la mabati, njia ya kwenda Mamboleo.
Zamani alikuwa nesi; mkono wake bado hugusa kila kitu
kana kwamba kinauma.

Nikafagia vumbi la mbao, tukaitandaza mezani:
mwanamke juu ya ndoo iliyopinduliwa,
uso wa buluu, ile buluu ya sabuni ya kipande,
nywele hazikuchorwa, zimeshonwa, uzi kwa uzi,
na nyuma yake ukuta usio na mlango.

"Nani huyu?"
"Simjui. Hata aliyemchora hamjui.
Mchoraji anaitwa Jacira, yuko Bahia.
Babu wa babu yake aliondoka bara hili
bila kuacha anwani."

Ofisa wa ushuru alikuwa amemuuliza: matumizi?
Akajibu: kutazama.
Fomu haikuwa na kisanduku cha kutazama.
Wakaandika pambo, akatozwa kama pambo.

Shemeji yake akasema, si ungenunua ng'ombe wa gredi?
"Ng'ombe ninaye. Hanitazami hivi."

Alilipa kwa awamu nne, kama karo.
Daftari lake nimeliona: kushoto wadaiwa wa gesi,
kulia Jacira.
Kushoto kukichelewa, kulia kunalia.
Nami, Mungu anisamehe, nilicheka moyoni,
nikamfanyia saiprasi, nikamtoza bei ya Yesu.

Mwezi wa kumi na moja akaja tena, mvua mabegani,
mikono mitupu.
"Nitengenezee fremu. Futi nne kwa tatu."
"Ya picha gani?"
"Haijachorwa."

Huko Bahia mvua pia ilikuwa imenyesha,
paa likaingia chumbani, turubai zikaota ukungu,
mwenye nyumba akabadilisha kufuli.
Jacira anaosha sahani hotelini.
Ameandika kwamba vidole vimeanza kusahau.

"Nimemtumia kodi ya miezi miwili
na pesa ya turubai. Futi nne kwa tatu."
"Na asipochora?"
Akanitazama kama nesi anavyomtazama
mtu aliyetoa damu, kisha akauliza imeenda kwa nani.

Nilikuwa na mvule chini ya kitanda,
nimeuweka miaka sita kwa mteja mkubwa
ambaye hakuja.
Nikautoa.
Randa ikaimba siku mbili, jirani wa magodoro akanuna.

Sasa inaning'inia juu ya mizani, fremu tupu.
Ndani yake bati, msumari wenye kutu,
na saa kumi jioni kipande cha jua
kinachokaa dakika chache kisha kinaondoka.
Watoto hupitisha vichwa, wanachekana.
Anayekuja kujaza mtungi huuliza:
"Mama, picha iko wapi?"
"Njiani."

Yule wa buluu, ukuta wa pili, anatazama tu.

Juzi nilipita, sikuwa na shughuli njia ile.
Kona ya chini, kushoto, unyevu umefungua kiungo
upana wa ukucha.
Nikarudi na gundi na kamba, nikakaza, nikangoja ikauke,
Dorsila akapima gesi bila kusema neno.
Risiti sikuandika.