Kidirisha

Saa kumi na mbili na robo, Kibosho.
Foleni ya ndoo imefika kwenye migomba ya kanisa,
na mimi niliyeitengeneza programu
nimesimama pembeni kama shemeji asiyejua pa kukaa.

Aikaruwa ana mikono miwili tu.
Wa kulia umeshika kipimo cha maziwa,
wa kushoto simu ya kituo,
ile iliyopasuka kioo pembe ya juu.
Kazi yote iliyobaki ni ya dole gumba.

Anaandika lita. Anagusa.
Hapo kinaruka kidirisha changu,
katikati kabisa, kipana, cheupe,
kinakalia namba aliyoiandika sasa hivi
na kuuliza: "Una uhakika?"

Uhakika wa nini, baba?
anasema, hajainua macho.
Umeifunika namba, kisha unaniuliza kama nimeiona.

Sikuwa na jibu.
Kwangu Pasua, kwenye kompyuta, kilipendeza.
Kule skrini ni pana kama uwanja wa mnada
na nyuma yangu hakuna mtu aliyebeba ndoo.

Nani kwanza alikiita dirisha
kitu kinachoziba?
Dirisha la mama yangu linaonyesha kuku,
kamba ya nguo,
na anayekuja kudai, kabla hajabisha hodi.

Bibi Ndealilia akafungua daftari lake mwenyewe,
lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Tarehe kumi na mbili nilileta kumi na moja.
Simu yenu inasema moja.
Moja ya pili iliangukia wapi,
ndani ya ndoo, au chini ya hicho kikaratasi chenu?
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Ng'ombe wake hajawahi kutoa lita moja
hata wiki ile aliyougua.

Nilishuka mjini. Sikula.

Upana: kisijaze kioo,
kiache kingo kama mfongo uachavyo njia ya miguu.
Kimo: kitoshe maneno yake.
Swali la maneno mawili halihitaji kiti cha askofu.
Mahali: chini,
pale dole gumba lifikapo bila kujinyoosha,
mbali na ufa.
Amri hiyo inaitwa uvutano,
jina la kitu kile kile kinachoangusha parachichi
juu ya bati letu usiku.
Kibodi ikipanda, nacho kipande.
Simu ikilala ubavu, kisitoweke na jibu mdomoni.
Nikapunguza giza nililokuwa nimelimwaga nyuma yake,
namba ibaki ikiwaka.
Nikafuta "Una uhakika?"
Nikaandika: "Ndealilia, lita 11?"

Saa nane usiku nilikosea alama moja, ya kutoa,
kikaruka nje ya kioo kabisa,
kikabaki huko kikiuliza
mahali pasipo na mtu.
Nilikitafuta dakika arobaini.
Nilimhurumia, nikajisikia mjinga:
humhurumii mstatili.

Asubuhi wingu lilikuwa limeuziba mlima wote,
toka misituni hadi Kibo,
na hakuna kitufe cha kulifunga.
Hilo si langu, nikajiambia. Nikapanda.

Aikaruwa akaandika. Akagusa.
Kidirisha kikainuka kutoka chini, kifupi,
juu yake namba ikabaki wazi kama uso.
Dole gumba likashuka kidogo tu,
likiwa na maziwa,
likagonga Ndiyo.
Hakusema kitu. Akaita: anayefuata!
Ndoo ikasogea, na nyingine,
na kwa mara ya kwanza foleni haikunitazama.

Nilitaka kuondoka nikiwa na furaha hiyo.
Lakini Bibi Ndealilia alikuwa amekaa kwenye ngazi,
ndoo yake tupu magotini,
daftari wazi.
Hiki cha leo nimekiona, akasema. Kizuri.
Kidole chake kikatua kwenye ukurasa
na kuacha doa la mviringo:
Na lita zangu kumi?