Fundo la Turubai

Usiku wa tisa tangu nitoke Kuluva.
Nimelalia ubavu wa kushoto, ndio nilioruhusiwa.
Nyuzi kumi na moja zimenifunga tumbo kama mdomo wa gunia,
na daktari, kabla ya kunipa karatasi ya kwenda nyumbani,
aliinua jagi la maji lililokuwa mezani:
"Kizito kuliko hiki, mama, usinyanyue. Wiki sita."

Ayikoru ana kilo nane na nusu.
Hesabu hiyo nimeipiga kila namna,
nikamvua nepi, nikamvua kofia,
bado ni majagi manne.

Tangu azaliwe hajui kitanda ila mgongo wangu.
Nilimlaza nikifagia, nikisaga simsim,
kichwa chake kikinigonga bega polepole
kama mgeni anayebisha hodi,
kisha huyo, kazama usingizini bila kungoja karibu.
Sasa analia ng'ambo ya neti,
ananinyooshea mikono yote miwili
nami namnyooshea wimbo.
Wimbo haubebi mtu.

Nimempigapiga matako kupitia neti.
Nimemnong'oneza, nimemtisha, nimemwomba radhi.
Nimelisukuma beseni lake kwa kidole gumba cha mguu
mpaka tumbo likaniambia: koma.

Saa nne baba yake akaingia, vumbi la saruji kwenye nyusi.
Kazi yake ni kupakia malori ya Kongo,
kufunga maturubai yasipepee hadi Ariwara.
Akanawa mpaka viwikoni. Akainama.
Akamweka mtoto mgongoni kwa woga wa mtu aliyeazimwa yai,
akamfunga kwa fundo lile lile la kazini,
akalivuta mara mbili kulijaribu.
"Huyu haanguki hata kwenye mashimo ya Vurra."
Nikacheka, na kicheko kikapita kila uzi, kimoja kimoja.
Usinichekeshe, Anguyo. Nitafumuka.

Binti akazidisha kilio.
Kitenge kilikuwa safi mno, kikinuka sabuni ya wodini.
"Chukua kile kingine," nikasema, "nyuma ya mlango. Kisichofuliwa."
Chenye maziwa yaliyochacha, na moshi,
na jasho langu la kabla ya kisu.
Akamfunga upya.
Ayikoru akanusa. Akanyamaza, akakagua, akanusa tena.
Akalaza shavu kwenye mgongo usio wangu
uliovaa harufu yangu.

Hatua saba hadi mlangoni, saba kurudi.
Umeme ukakatika, kama kawaida yake;
nikawa namfuata gizani kwa mlio wa kandambili
ile ya kulia, iliyoshonwa kwa waya.
Mama Zaitun wa nyumba ya pili akamulika tochi dirishani,
akamwona mwanamume mzima kafunga mtoto kwa kitenge cha maua,
akaizima haraka.
Kesho Oli nzima itajua. Na ijue.

Kisha kimya.
Sitadanganya: nilishukuru,
halafu kitu kikanikwama kooni, kigumu,
fundo ambalo hakulifunga yeye.
Amelala. Amelala bila mimi.

Ikabaki kumshusha.
"Fundo hili," akanong'ona, "ukilifungua gizani linapiga kelele."
Sijui kama ni kweli. Labda aliogopa tu.
Akaketi ukingoni mwa kitanda, wima,
mzigo wake mgongoni,
akaanza kukoroma kama lori linalopanda mlima.

Nikapenyeza mkono chini ya neti.
Nikakipata kisigino, cha moto, laini,
hakijawahi kukanyaga kitu.
Kisigino si kizito. Hakifiki hata kikombe.

Chini ya bandeji kidonda kinawasha.
Mama mkwe husema kuwasha ndiko kupona.
Sikikuni.
Mkono una kazi.