Sebule ya Isevya

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Mimi nilishika drili,
pakiti mbili za skrubu nyeusi za inchi moja
na bodi sita za jipsamu, juu ya toroli,
nikaenda Isevya kugawa sebule
ya marehemu Kapela, mlinda breki wa garimoshi.

Mihayo alitaka upande wa dirisha.
Kalunde alitaka upande wa mlango.
Chaki yangu ya bluu ilipita sakafuni
katikati ya vidimbwi vinne
vilivyochimbwa na miguu ya kochi la baba yao.

Nilifunga bati la chini, lile lenye kingo mbili
(sisi mafundi tunaliita reli;
marehemu angecheka),
nikasimamisha mihimili ndani yake,
myembamba, mitupu. Unaona ng'ambo.

Luziga, kijana wangu, mwezi wa kwanza kazini,
aliuliza, "Nitoboe kwanza na keekee?"
Hapana. Hii haiombi kutanguliwa.
Tazama ncha yake: imechongwa mfereji.
Ni keekee na msumari katika mwili mmoja,
inajichimbia shimo la kulala yenyewe.
Wewe iegemeze tu, nyoosha kifundo cha mkono,
usiipe hasira zako.
Mwanzoni itateleza, itapiga kelele juu ya bati
kama shahidi anayekataa kusema,
halafu chuma kitakubali,
utaisikia begani kabla hujaisikia sikioni.
Acha hapo. Kichwa kizame unene wa kucha.
Ukichana karatasi umeshika unga,
na unga haushiki kitu.

Alichana karatasi mara nne.
Ya tano ikakaa.

Saa saba Kalunde alileta chai.
Tulikuwa tumebakiza bodi moja.
Alipenyeza kikombe kati ya mihimili miwili,
mkono mpaka kwenye kiwiko, bangili zikigonga bati,
akasema, "Shika, kinaunguza."
Upande wa pili kikapokelewa.
Hakuna aliyesema kingine.
Mvuke tu ulibaki pale mlangoni pasipo mlango.

Nilimwambia Luziga, ile bodi ya mwisho niachie.
Nyingine zote tulizipigilia kila baada ya shubiri na nusu,
tukafunika vichwa kwa pati, tukapiga msasa
mpaka ukuta ukasahau ulivyoshikwa.
Ile ya mwisho niliipa skrubu kumi tu.
Vichwa vyake sikuvifunika.
Nikasema pati imeisha.
Ndoo ilikuwa nusu, Luziga akaikalia.

Walinilipa kila mmoja fungu lake.
La Mihayo lilipungua elfu mbili, sikumdai.
Nilimwonyesha tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa,
kuwa kila drili ina kitufe kidogo ubavuni,
ukikisukuma inazunguka kinyume.

Akasema anajua.
Ana drili, alisema. Ya baba.
Iko upande wa Kalunde.