Safu ya Chanzo

Fomu ya jimbo ina kurasa arobaini na moja.
Kila mwaka wa tano naijaza upya,
chumba cha chini, mahakama ya kaunti,
ambako bomba la joto hugonga ukutani
kama mtu aliyesahauliwa ndani.

Kimbunga. Uwezekano: mkubwa.
King'ora cha kusini kimekufa tangu Agosti,
njiwa wamelelea makinda kooni mwake.

Mafuriko. Mto Hatchet, na bwawa lililo juu yake,
alilolijenga mtu aliyekufa bila hati;
wanawe wako Phoenix, barua hawajibu.
Tuta limeota mipopla mirefu, ya kupendeza,
na kila mzizi unachimba njia ya maji
polepole, bila kibali.

Amonia. Matangi mawili ya mbolea, meupe pe,
hatua mia tatu toka uwanja wa shule.
Treni. Hupita saa tisa za usiku.
Tuliiuliza kampuni inabeba nini humo,
wakatutumia kalenda.

Ukame. Mvua ya mawe. Theluji.
Hospitali iliyofungwa haina safu.

Mkutano wa hadhara walikuja saba,
wawili kati yao kwa ajili ya donati.
Lupe Arriaga, wa kichinjio cha nguruwe,
alinyanyuka na aproni yake bado kiunoni:
"Onyo lenu huja kwa Kiingereza tu.
King'ora kikilia, mama yangu hujua
kwamba kinalia. Basi."
Niliandika. Niliandika kwa herufi kubwa,
ingawa fomu haisomi ukubwa wa herufi.

Halafu ukurasa wa ishirini na sita.
Moto wa nyika.
Tarehe: kumi na nne Machi.
Ekari: elfu kumi na tisa.
Ng'ombe: mia tatu na sita,
wengi wao wamebanana penye kona ya ua,
wakiutazama upande ule ule.
Nyumba: kumi na moja.
Watu: mmoja.
Chanzo — weka alama — radi,
nyaya za umeme, binadamu, haijulikani.

Binadamu alikuwa anachomelea komeo la lango
ambalo ndama walilisukuma majira yote ya baridi.
Alikuwa na ndoo moja ya maji, ya mbwa.
Upepo ulikuwa umetangazwa asubuhi ile;
niliutangaza mimi, nikiwa kwenye kiti hiki,
kwa sauti yangu ya redioni, sauti isiyo na kaka.

Cheche haiulizi ukoo.
Iliruka kwenye mabua ya mahindi
na kabla Galen hajavua kofia ya chuma usoni
moto ulikwisha vuka barabara ya lami.

Marvin Kolar alikuwa na miaka sitini na nane,
zimamoto wa kujitolea, mwenye goti bovu.
Gari la maji alilokuwa akiliendesha
tulilinunua kuukuu, mwaka ule nilipoolewa.
Moshi uligeuka. Gari halikugeuka.

Siku hizi Galen huzunguka akijenga nyua za watu,
hatozi senti, kanisani haingii.
Akifika kwa Kolar, mjane humwachia mkate
juu ya nguzo, umefungwa kitambaa,
anarudi ndani, hasemi neno,
wala mlango haufungi kwa kishindo.

Nimeweka alama: binadamu.
Kalamu ilikwama, nikarudia, karatasi ikatoboka kidogo.

Safu inayofuata: hatua za kuzuia.
Dirishani bendera imeanza kupiga mlingoti.
Nimenyanyua simu.
"Kesho kuna upepo," nikasema.
"Mashine niliitupa bwawani," akasema Galen.
"Najua. Nakwambia tu kuna upepo."
Akanyamaza. Nikasikia mbwa wake akinywa maji,
lap, lap, muda mrefu,
na hakuna hata mmoja wetu aliyekata.