Kitako na Bega

Alhamisi, adhuhuri imeshaadhiniwa,
akaingia karakana yangu hapa Bondeni
na kitu kirefu kilichofungwa leso.
Jina la leso likalala juu ya benchi:
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nikaomba cheti cha polisi kabla ya salamu.
Akatoa vyote viwili.

Shekuwe Badi, wa maghala ya Shimanzi,
miaka kumi na tisa akifukuza kunguru juu ya mahindi
kwa bunduki ya marisau, mitutu miwili,
kitako cha mti wa jozi.
Mimi ni fundi wa vitanda.
Mti ule nilikuwa nikiujua kwa sifa tu.

Akafungua vifungo viwili vya shati.
Bega: zambarau iliyoiva, kingoni manjano.
"Zamani ilikuwa yanisukuma. Sasa yanipiga teke."
Alilazwa Makadara miezi mitatu,
hakusema kwa ugonjwa gani,
nami nikautazama mfupa uliotokeza
mahali palipokuwa na nyama.
Bunduki haikukonda hata uzi.

Mkewe alimshonea kifuko cha usufi ndani ya shati.
Siku ya pili kikateleza hadi kwapani.

Nikampangia mito mitatu,
niliyoiazima kwa Firoz wa duka la silaha.
Wa kwanza mgumu, mwekundu kama tofali,
wa kupendeza macho, huruma hauna.
Wa pili una matundu kama sega la nyuki.
Wa tatu laini, ukiubonyeza kidole kinazama.
Akautaka huo.
"Huo ni godoro la mgeni," nikamwambia,
"usiku wa kwanza raha, wa tatu mgongo.
Tena wanata. Utainua bunduki, ung'ang'anie shati,
kunguru keshafika Changamwe."
Akacheka, akashika bega.
Tukachukua wa sega.

Lakini mpira ukiongezwa kitako hurefuka,
na mkono wa Shekuwe haukurefuka.
Nikamkunjisha kiwiko, nikapima
toka kunjo la mkono hadi pingili ya kidole cha kufyatulia.
Nikapima tena.
Mara ya tatu akanitazama
kama mtu anayepimiwa kitu kingine,
nami nikaiweka futi chini haraka.

Robo tatu ya inchi, hiyo ndiyo ya kuondoa.
Tepu ya karatasi kuzunguka mti usichanike,
jiriwa nimeivisha ngozi ya kiatu,
msumeno wa meno madogo, pole, bila kuegemea.
Kipande kikadondoka.
Ndani mti ulikuwa mwekundu, mpya,
kama haujawahi kusikia mlio.

Skrubu nikazipaka sabuni ya mche,
zikapita mpirani bila kurarua.
Kisha msasa, na vumbi jeusi,
na harufu ya tairi linaloungua,
mpaka Mwanasha wa mahamri akafunga dirisha lake
kwa kishindo cha kunisema.
Msasa mkavu, msasa laini, halafu kidole, macho nimefumba:
pale mti unapoishia na mpira kuanza
ukucha usikwame.
Ulikwama, upande wa chini. Nikarudia,
nikakwaruza vanishi.
"Kosa langu," nikasema.
"Mwachie alama," akajibu. "Mwenziwe ninayo."

Pa kufyatulia hatukuwa napo, Bondeni si msitu.
Akaiweka begani, tupu, akalenga mabati ya paa.
Nikaishika mitutu kwa ubavu, nikaisukuma nyuma.
Niseme kweli: sikusukuma kama baruti.
Hata hivyo alikuwa amekaza meno,
na meno yakalegea.

Akalipa. Akafunga leso, jina likaingia ndani.
Mlangoni akageuka.
"Na kile kipande?"
Nikakiokota kwenye maranda, nikakipuliza.
Akakitia mfuko wa shati, upande wa bega bovu.
"Nikinenepa nitarudi, unirudishie."

Hakuna gundi ya kazi hiyo, nami najua,
na nadhani yeye pia.
Nikamwambia akiweke pakavu.