Dawa Nyingine

Daktari alikuuliza wewe, Mahimbo, ila jicho alinitupia mimi:
"Mzee anatumia dawa gani nyingine?"
Nikasema, hakuna.
Na mkobani, chini ya kanga, chupa ilikuwa ya moto bado.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.
Sisi maradhi hatukuyaficha.
Barabara ya Kumi na Nne nzima iliyajua:
macho yako kiini cha yai la kienyeji,
tumbo limejaa maji, miguu imebaki vijiti,
na wale wa kibarazani wakinong'ona pombe, pombe,
wewe ambaye hata togwa iliyolala uliikataa.
Sisi tulificha dawa.

Miaka thelathini kule Kigombe uliulisha mkonge mdomo wa korona.
Nilidhani ni ile kazi.
Kijana wa picha pale Bombo akasema hapana,
ni virusi, vya siku nyingi, pengine tangu utotoni;
ini limejiponya na kujiponya hadi limekuwa kovu tupu.
"Na hiki," akagusa kioo kwa kalamu, "ni kitu kingine."
Kitu. Ukubwa wa ndimu.
Jina hakulitaja, nasi hatukumwomba.

Tarehe ya kurudi, wiki sita.
Wiki sita, nawe unajikuna usiku hadi shuka lina damu!
Kwa Bi Mwanjaa hakuna tarehe.
Ukikohoa tu, mlango unafunguka.
Alikushika tumbo kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto,
akalia kidogo, kisha akanipa mizizi mitatu nisiyoijua
na mwarobaini ninaoujua.
Chemsha mpaka maji yabaki nusu. Asubuhi, jioni.

Nilichemsha. Nilikuziba pua ukameza.
Siku ya tano ulikula ugali kwa pweza,
ukauliza Coastal wamefungwa ngapi.
Nikaongeza kipimo.
Siku ya kumi na mbili uliniita kwa jina la marehemu mama yako,
saa nane usiku, ukitafuta viatu vya kazini.

Ni mizizi? Ni ile ndimu? Ni wiki sita?
Baada ya mazishi nilimwendea daktari, nikauliza kwa mafumbo,
eti jirani yangu.
Akasema, "Ini lililochoka, mama, hata majani huwa mzigo."
Hakusema ndiyo.
Laiti angesema ndiyo.

Mtu akituumiza tunasema katukata maini.
Sijui tusemeje
akikata kwa kijiko, taratibu, akipuliza kwanza kisiunguze.

Bi Mwanjaa alikuja kwenye arobaini na mchele kilo tano.
Tulichambua pamoja, ungo mmoja,
vidole vyetu vikigongana juu ya chuya.
Mti wa maradhi arobaini, na mimi nahesabu siku.
Hakuuliza. Sikumlaumu.
Angekuwa tapeli ningelala.

Jana Mbaruku alichukua majibu ya damu.
Anavyo. Mwanao anavyo.
Ini bado laini, wamesema, na vidonge vipo.
Nesi akafungua daftari, hakuinua hata uso:
"Unatumia dawa gani nyingine?"
Kijana akaniangalia.
Nikafungua mkoba, nikaiweka mezani.
Ilikuwa ya moto bado.