Bomba Litavuja

Kwenye fomu palikuwa na kisanduku,
upana wake kama ukucha,
nikaandika ndani: Sanaa za Studio.
Karani aligonga muhuri bila kuinua macho.
Baba, mezani, aliinua yake.
"Mkono mtupu haulambwi, Kaisa."
Akarudi kwenye supu yake ya samaki.

Lakini mkono huu, baba, tangu siku ile
haujawahi kuwa mtupu.
Umejaa mkaa hadi kwenye mistari ya kiganja,
umejaa tapentaini, gundi,
na ile nyekundu ya bei ya kodi ya wiki
ambayo kwenye tyubu yake wameandika: usilambe.

Muhula wa kwanza tulichora yai.
Yai jeupe juu ya kitambaa cheupe, wiki sita.
Bi Tvedt alipita nyuma yetu na viatu vya mpira.
"Yai halina mstari," alisema. "Mstari umeuleta wewe."
Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.
Wiki ya tano nikaona, ukingoni mwa kivuli,
buluu nyembamba kama pumzi
iliyotoka huko kwenye barafu ya ziwa,
ikapanda kilima chote cha Duluth, ikaingia dirishani,
ije tu kuegemea ganda.
Nikalia kidogo. Pakou Vang akanipa pipi.

Pakou hushona. Huipasua turubai yake
kisha huiunga kwa uzi wa waridi, mishono midogo
aliyofundishwa na bibi yake kabla hajajua kusoma.
Mtu alimwuliza mbele ya darasa zima:
hii ni sanaa, au ni kazi za nyumbani?
Alikata uzi kwa meno. Hakujibu.

Usiku nakwangua sinia za mkate kwa mwokaji,
asubuhi nakwangua paleti.
Kisu ni kilekile.

Mwaka wa tatu nilichora bomba,
bomba la chini ya sinki letu, kubwa kuliko mlango.
Wenzangu walikaa duara, dakika ishirini.
Mmoja akasema mvutano.
Mwingine akasema nafasi, akachora nafasi hewani kwa vidole.
Mgeni kutoka Chicago akasema mwili, akasema kumbukumbu,
akarudisha kalamu mfukoni.
Niliandika yote kwenye daftari.
Usiku nilipolifungua
sikuona hata neno moja lenye mpini.

Februari boila ya jengo ilizima.
Nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Rangi iligoma kutoka, tukachora na glavu
kama watu wanaoiba.
Kampuni ikatuma fundi, na fundi akawa baba.
Sikujua. Aliingia na sanduku lake la vifaa,
theluji mabegani, akitafuta ngazi za kushukia chini,
akakutana na turubai.

Alisimama pale muda mrefu
kuliko duara zima.
Akavua kofia. Nikadhani,
sijui nilidhani nini.

"Hili litavuja," alisema.
Kidole chake kilikaribia kiungo, hakikugusa.
"Nati umeigeuza. Na kutu umeipaka juu juu.
Kutu haianzii nje. Huanzia ndani, kwenye hesi,
ukiiona nje ujue imeshamaliza kazi."
Akavaa kofia. Akauliza ngazi ziko wapi.

Baada ya saa moja mabomba yaligonga ukutani,
go, go, go,
na dirisha likaanza kutoka jasho.
"Amesemaje?" Pakou akauliza.
"Litavuja."
Akacheka hadi sindano ikamwanguka.

Nimekwangua kiungo chote. Wiki tatu za kazi
zimelala kwenye gazeti kama maganda.
Bi Tvedt amepita, ameona, hajasema kitu,
ameniachia taa.
Nachanganya, nafuta, nachanganya tena:
natafuta kahawia
ambayo bado haijafika nje.